Kompyuta inapofunga akaunti ya msafirishaji, nani anawajibika?

Dereva au mfanyabiashara anayepata mizigo na wateja kupitia simu anaweza kuamka asubuhi akakuta akaunti yake imefungwa, bila kuelezwa kosa lake. Huenda hakuna mtu aliyekaa kuamua. Kazi hiyo imefanywa na algoridhimu, yaani maelekezo yanayoiwezesha kompyuta kupima taarifa za mtumiaji na kutoa uamuzi yenyewe: nani apewe mzigo, bidhaa ya nani ionekane juu, nani anashukiwa kwa udanganyifu.

Swali la nani awajibike lilijibiwa kwa sehemu mjini Amsterdam, Uholanzi, Aprili 4, 2023. Madereva wa Uingereza na Ureno walikuwa wameishitaki kampuni ya Uber huko, kwa kuwa makao yake ya Ulaya yako katika mji huo. Baadhi yao walikuwa wamefungiwa kwa tuhuma za udanganyifu. Kampuni ilijitetea kwamba wafanyakazi wake walihusika katika maamuzi hayo, lakini mahakama ya rufaa iliona kuwa ushiriki wao ulikuwa wa jina tu. Iliamuru madereva wapewe maelezo ya jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Oktoba mwaka huo kampuni ilitakiwa kulipa Euro 584,000 kwa kutotekeleza amri ipasavyo.

Ushindi huo ulitokana na sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, ambayo wengi huidhani ni ya mambo ya siri tu. Afrika Mashariki nayo inazo za aina hiyo. Kenya na Uganda zilipitisha zao mwaka 2019, na ya Tanzania ni ya mwaka 2022. Zote tatu zina kifungu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake.

Kifungu cha 35 cha sheria ya Kenya kinamtaka mwenye mtandao kumwarifu mhusika kwa maandishi kwamba uamuzi mzito umefanywa kwa njia hiyo. Mhusika naye anaweza kuomba ufikiriwe upya, au ufanywe mwingine usiotegemea mashine pekee. Aidha, kampuni haiponi kwa kuwa ofisi zake ziko ng'ambo. Ikishughulikia taarifa za watu walioko Kenya, sheria inaihusu.

Hata hivyo kuna mitego miwili. Kwanza, sheria hiyo hiyo inaruhusu mashine kuamua pale inapokuwa lazima kwa ajili ya mkataba, au mtumiaji alipokubali. Yale masharti marefu ambayo watu hubonyeza "nakubali" bila kuyasoma ndiyo yanayotumika hapo.

Pili, na hili ndilo zito kwa wenye magari, sheria hizi humlinda mtu binafsi. Mwenye Fuso moja aliyejisajili kwa jina lake anaweza kudai. Kampuni yenye malori kumi iliyosajiliwa kama kampuni haina haki hiyo. Itabaki kutegemea mkataba wake. Ulaya iliziba pengo hilo kwa kanuni iliyoanza kutumika Julai 12, 2020, iliyoitaka mitandao kuwapa wafanyabiashara sababu za kufungiwa, na notisi ya siku 30 kabla ya kuwaondoa kabisa.

Anayefungiwa aandike mapema, aulize mambo matatu: sababu ni ipi, taarifa zipi zilitumika, na kama kuna mtu aliyezipitia. Asipojibiwa, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nchini Tanzania, au ofisi inayosimamia sheria hiyo Uganda. Picha za skrini, risiti na hati zilizosainiwa na mpokea mzigo zitunzwe nje ya akaunti, kwani ikishafungwa, kumbukumbu za safari zilizomo ndani huenda zisifikiwe tena.