Uvimbe wa shingoni usioisha huenda ni TB ya tezi

Kila mtu anajua kwamba kikohozi kisichokoma ni dalili ya kifua kikuu. Wapo, hata hivyo, wagonjwa wa TB wasiokohoa kabisa. Ugonjwa wao umekaa kwenye tezi za limfu, mara nyingi za shingoni, na kwa kuwa hawakohoi, hupoteza miezi wakizunguka: duka la dawa, dozi ya amoksilini, dozi nyingine, kisha kwa mganga. Kifua kikuu cha tezi kinapona. Tatizo ni kuchelewa kukipima.

Tezi hizi huchuja vimelea vinavyoingia mwilini. Mtu akivuta hewa yenye vimelea vya TB, baadhi yavyo husafiri kutoka mapafuni hadi kwenye tezi na kutulia humo, hata kwa miaka, mpaka kinga ya mwili ishuke. Ndiyo sababu wanaoishi na VVU wamo hatarini zaidi. Njia nyingine ni maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye kifua kikuu. Nchini Tanzania, watafiti wamewahi kukuta vimelea vya TB ya ng'ombe katika tezi za shingo za wagonjwa. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa.

Uvimbe wenyewe huanza polepole, bila maumivu. Baadaye tezi za jirani hushikamana, hulainika, na mwisho ngozi hupasuka na kutoa usaha usiokauka. Baadhi ya wagonjwa hupata homa za jioni, hutokwa jasho usiku na kukonda, lakini wengine hawana dalili yoyote zaidi ya uvimbe. Tezi iliyovimba kwa sababu ya tonsili au jino bovu kwa kawaida huuma, na hunywea tatizo hilo likitibiwa. Uvimbe uliozidi wiki mbili unahitaji kuonwa na daktari.

Kwa nini sindano

Hakuna daktari anayeweza kuthibitisha TB ya tezi kwa kutazama na kupapasa tu. Saratani ya limfu, saratani iliyosambaa kutoka kooni, hata VVU vyenyewe, huvimbisha tezi hizohizo. Makohozi nayo hayatoi jibu ikiwa mapafu ni mazima. Sampuli inapaswa kutoka kwenye tezi yenyewe.

Mtaalamu husafisha ngozi, huingiza sindano nyembamba na kuvuta majimaji na seli kidogo. Kazi hiyo huchukua dakika chache, haina mshono wala kulazwa. Sehemu ya sampuli hupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, kutafuta vimelea na aina ya seli ambazo TB huziacha. Sehemu nyingine huingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya vimelea na kutoa jibu ndani ya saa mbili, pamoja na kuonyesha kama vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mashine hiyo itumike kwa sampuli za tezi mwaka 2013. Pale penye uwezo, sampuli huoteshwa pia maabara, ingawa jibu lake huchukua wiki kadhaa.

Tezi huwa na vimelea vichache, tofauti na mapafu yaliyoathirika sana. Kwa hiyo jibu la "hakuna TB" halifungi mjadala. Uvimbe ukiendelea kuwapo, kipimo kirudiwe, au tezi itolewe kwa upasuaji mdogo na kuchunguzwa. Kuitumbua kama jipu ni kosa, kwani huweza kuacha kidonda kinachochuruzika kwa muda mrefu. Kumeza levofloksasini kiholela nako huweza kuvififisha vimelea na kuficha ugonjwa.

Baada ya jibu

Mgonjwa hupigwa pia eksirei ya kifua na kupimwa VVU. TB iliyo kwenye tezi pekee haiambukizi, hivyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa wala kumtengea vyombo. Ikigundulika kwamba mapafu nayo yameathirika, familia yake inapaswa kuchunguzwa.

Tiba ya kawaida ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2 ya kwanza, kisha mbili kwa miezi 4. Katikati ya tiba, tezi huweza kuvimba zaidi au kujitokeza mpya. Mara nyingi hiyo ni kinga ya mwili inayoamka na si ishara kwamba dawa zimeshindwa. Mgonjwa amweleze daktari, na asiache dawa.

Katika vituo vya serikali nchini Tanzania, vipimo na dawa za TB hutolewa bure. Kama wewe, mwanao au mzazi wako ana uvimbe shingoni, kwapani au kwenye kinena uliopita wiki mbili, usinunue dozi nyingine dukani. Nenda kituo cha afya na uulize waziwazi: je, tezi hii imepimwa TB?