Saa za Serikali na Saa za Askari

Miongoni mwa wote wanaoishi kwa mshahara, ni wachache ambao siku yao hupangwa na mwingine kwa ukamilifu kama askari. Baragumu humwamsha, orodha ya zamu humwambia asimame wapi na mpaka saa ngapi, na ruhusa ya kutoka langoni hutiwa sahihi na mkubwa wake. Kwa sababu hiyo askari wengi, wa jeshi na wa polisi, katika kambi za Jinja na vituo vya Mbale vilevile, wamefikia kuamini kwamba kupanga wakati ni kazi ya afande, na kwamba wao wenyewe hawana wakati wa kupanga. Imani hiyo si ya kweli, na gharama yake hulipwa siku askari anapovua sare.

Natuanze na hesabu. Desturi ya zamani ya lindo ni saa mbili za kusimama na saa nne za kupumzika. Anayelishika lindo hilo mchana na usiku huwa amesimama saa 8, na kupumzika saa 16. Ni kweli kwamba katika hizo 16 atalala, atakula, atafua na kung'arisha viatu, wala hataruhusiwa kwenda mbali na chumba cha walinzi. Tuseme basi kwamba amebakiwa na nusu saa tu isiyo na mwenyewe. Nusu saa kila siku ni zaidi ya saa 180 kwa mwaka. Anayezitumia saa hizo kujifunza sheria ya ushahidi kwa ajili ya mtihani wa cheo, au hesabu za duka, au Kiswahili sanifu, atakuwa amefika mahali. Anayezimaliza kwenye karata hatakuwa amefika popote, ingawa mwandishi hana ugomvi na karata. Zina saa zake, hasa mvua ya Jinja inaponyesha jioni.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba askari wa Uganda huishi kwa saa za namna mbili. Ya kwanza ni saa ya amri, inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Ya pili ni saa ya nyumbani, ile ya Waswahili, ambayo Waganda na Wasoga nao huihesabu vivyo hivyo, kwa kufuata jua. Amri ikisema 0600, mama watoto husema saa kumi na mbili alfajiri. Jinja na Mbale zimekaribia mno ikweta, hata tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mchana mfupi kabisa haifiki dakika 10. Ndiyo maana hesabu ya nyumbani haijachakaa huku kwetu. Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya saa hizo mbili. Saa ya amri ina karani wa kuiandika. Saa ya nyumbani haina karani, na kisichoandikwa hupotea bila mtu kuulizwa.

Askari polisi wanaujua ufundi wa kuandika saa kuliko watu wengine wote. Katika kituo kuna kitabu cha matukio, na kila jambo huingizwa humo kwa namba, kwa saa, na kwa maelezo mafupi. Aliyesahau saa amejiletea taabu, kwa kuwa wakili wa mshtakiwa ataanzia hapo. Basi askari achukue daftari la shule, na kwa juma moja aziandike saa zake za nje ya zamu kama zinavyoandikwa katika kitabu hicho: ametoka kazini saa ngapi, amekwenda wapi, amerudi lini. Asijiandikie sifa wala asijihukumu. Baada ya siku saba ausome ushahidi. Aghalabu mkosaji anayeonekana humo si uvivu, bali ni kungoja: kungoja gari, kungoja mwenzake amalize zamu, kungoja mwisho wa mwezi.

Kungoja kwingine, tuseme kweli, huletwa na wakubwa. Ukaguzi umepangwa saa tatu asubuhi. Meja huagiza watu wawe tayari saa mbili na nusu, kapteni husema saa mbili, sajini naye kwa kujihadhari husema saa kumi na mbili, na kundi zima husimama juani kwa muda ambao hakuna aliyeuamuru. Kanuni inayofundishwa katika majeshi mengi ni kwamba kamanda atumie theluthi moja ya wakati uliopo kwa mipango yake, na theluthi mbili awaachie walio chini yake wajitayarishe. Maafisa wanaopitia Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Kimaka, Jinja, hawaioni ngeni. Ingefaa kanuni hiyo ishuke mpaka kwa koplo, na kutoka kwa koplo ifike nyumbani kwake, maana wapo waume wanaowatangazia wake zao safari usiku wa kuamkia safari yenyewe.

Daftari hata hivyo huonyesha tu wakati ulikokwenda. Lengo ndilo huonyesha wakati uende wapi, na hapa watu wa Mbale hawana haja ya kutafuta mwalimu mbali. Miongoni mwa Bamasaba, tohara ya imbalu hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 2022 na 2024. Kijana huujua mwaka wake mapema. Baba hujua ulezi wa pombe uwekwe lini, na jamaa wa mbali wapelekewe habari lini. Hakuna asemaye kwamba iko siku atatahiriwa. Mwaka ukishajulikana, hesabu hurudi nyuma, kutoka siku ile mpaka leo, na kila msimu hupewa kazi yake. Mpangaji wa vita hufanya vilevile: huanza na saa ya shambulio, kisha akarudi nyuma kwenye saa ya kuondoka, ya kula, ya kugawa risasi. Ni ajabu kwamba mtu aliyelelewa katika desturi ya kwanza na kufunzwa ya pili husema, akiulizwa habari za nyumba yake, kwamba ipo siku atajenga.

Kuhusu kugawa kazi katika vipande vilivyo sawa, mfano bora umetoka ndani ya polisi yenyewe. Ukitoka Mbale na kupanda mlima kuelekea Kapchorwa unaingia nchi ya Sebei, kwao Joshua Cheptegei, mkimbiaji aliye afisa wa Polisi ya Uganda. Tarehe 26 Machi 2017, katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliyofanyika Kololo, Kampala, mbele ya watu wa nchi yake, alijitenga na wenzake wote akaongoza kwa mbali. Uwanja mzima ulikwisha kushangilia ushindi. Katika mzunguko wa mwisho miguu ilimwisha. Walimpita mmoja baada ya mwingine, na akamaliza wa 30. Ushindi ulikwenda kwa Geoffrey Kamworor wa Kenya. Nguvu alikuwa nazo, na nia hakuna aliyeitilia shaka. Alichokosa siku ile ni kiasi.

Miaka miwili baadaye, mwezi Machi 2019, huko Aarhus, Denmark, aliyashinda mashindano yale yale. Kisha, tarehe 7 Oktoba 2020, katika mji wa Valencia, Hispania, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, na kuivunja rekodi ya dunia ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ya dakika 26 na sekunde 17.53, iliyokuwa imekaa tangu 2005. Usiku ule kandokando ya uwanja palikuwa na taa ndogo zilizokwenda kwa mwendo wa rekodi, naye akafuatana nazo. Wapo walionung'unika kwamba taa zilimsaidia. Huenda zilimsaidia, lakini taa hazina miguu.

Askari na aitazame hesabu ya mbio ile. Mita 10,000 ni mizunguko 25. Cheptegei aliizunguka kwa wastani wa chini kidogo ya sekunde 63. Tofauti kati yake na rekodi ya zamani ilikuwa sekunde 6.53, yaani robo ya sekunde hivi kwa kila mzunguko. Rekodi iliyodumu miaka 15 iliangushwa kwa robo ya sekunde, iliyorudiwa mara 25.

Sasa tumchukue koplo aliye Jinja, ambaye kwao ni Mbale, na ambaye nyumba anayoitaka inahitaji mabati 60. Akijiambia kwamba atayanunua fedha zikipatikana, hatayanunua. Akisema miaka mitano, amekwisha kujigawia bati moja kwa mwezi, na mwezi wowote ukipita bila bati anajua amebaki nyuma kwa kiasi gani. Fedha zenyewe zaweza kukaa katika chama cha akiba na mikopo. Jeshi lina Wazalendo, na polisi ina Exodus. Jambo la kuepukwa ni mbio za Kololo: kujinyima mshahara mzima kwa miezi miwili, kisha kuchoka na kuacha.

Si kila lengo linamfaa askari, na hapa washauri wengi wa kiraia hukosea. Mtu anayeweza kuhamishwa kwa amri ya siku moja, au kupelekwa Somalia kama majeshi ya Uganda yalivyoanza kupelekwa mwaka 2007, hafai kuanzisha ufugaji wa kuku nyuma ya kota. Kuku hawahami naye. Achague kwanza malengo yanayoingia katika begi: elimu, cheti cha udereva au cha ufundi, akiba inayokatwa kwenye mshahara. Yanayotaka ardhi yakae nyumbani chini ya mtu anayeaminika, na yawe machache.

Haraka ya jambo hili iko wapi? Kati ya 1992 na 1995 serikali ya Uganda ilipunguza jeshi, na askari zaidi ya 30,000 wakarudi uraiani, chini ya usimamizi wa bodi ya kuwasaidia waliostaafu vitani. Walipewa fedha, mabati, mbegu na majembe. Wengi hawakuuchagua mwaka ule, uliwakuta. Aliyekwisha kununua kiwanja alikuwa na mahali pa kuyapigilia mabati yake. Asiye na kiwanja aliyaegemeza kwenye ukuta wa ndugu yake, na huko bei ilimkuta.

Imebaki likizo, nayo ndiyo hula malengo kuliko kantini. Askari hufika nyumbani baada ya miezi mingi, na siku zake huliwa na salamu, misiba iliyompita na madeni ya shukrani. Heshima hizo haziepukiki, wala mwandishi hamshauri mtu azikwepe. Lakini gari la kutoka Jinja hupita Iganga, likakata njia ya Tirinyi mpaka Mbale, na ndani yake kuna muda wa kutosha wa kuandika katika lile daftari mambo mawili tu yatakayofanyika kabla ya kurudi kambini, siku ya kila moja, na jina la mtu atakayeonwa kwanza kesho asubuhi, kabla wageni hawajaanza kuingia.