Lenzi ya f/2.8 kwa Harusi za Ng'ambo

Ramadhani ikishapita, harusi hufuatana ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe, hadi mpiga picha mwenye kamera moja huitwa sehemu mbili usiku mmoja. Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoianza kazi hii ni lile lile: picha za mchana zinatoka safi, mbona za usiku zina chengachenga na bibi harusi ametikisika? Wengi huwa wameshajipa jibu kabla ya kuuliza, nalo ni kununua kamera kubwa zaidi. Ushauri wangu ni kwamba kamera ikae, ibadilishwe lenzi. Na lenzi yenyewe iwe zumu ya milimita 17 hadi 50 yenye f/2.8, ya Tamron au Sigma, hata ikiwa ya mtumba.

Kamera anazoanza nazo kijana wa kawaida ni Canon au Nikon za daraja la chini na la kati, mfano 700D au D3200, na lenzi iliyokuja nazo sandukuni ni 18-55 yenye f/3.5-5.6. Si lenzi mbaya. Shida iko kwenye zile namba mbili za mwisho. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa upana wa tundu linalopitisha nuru. Lenzi ikiwa kwenye milimita 50 na f/5.6, tundu hilo lina upana wa milimita 9 hivi, kwenye f/2.8 lina milimita 18. Upana ukiwa mara mbili, eneo ni mara nne, kwa hiyo nuru inayoingia ni mara nne. Tena lenzi ya sandukuni hukupa f/3.5 pale tu unapopiga picha pana. Ukiivuta ili uufikie uso wa bibi harusi jukwaani, inashuka hadi f/5.6, inakunyima nuru pale hasa unapoihitaji. Zumu ya f/2.8 hubaki f/2.8 kutoka 17 hadi 50.

Chukua usiku wa kupamba. Ukumbi umejaa kina mama na wasichana, taa kubwa zimepunguzwa ili jukwaa lipendeze, zimebaki taa za rangi na vitaa vidogo nyuma ya kiti cha bibi harusi. Mpiga picha humo ndani huwa ni mwanamke, na mara nyingi wageni hukatazwa kupiga picha kwa simu. Picha zake basi ndizo kumbukumbu pekee ya usiku ule, hakuna wa kumkopesha nyingine. Tuseme ameweka ISO 6400 na lenzi ya sandukuni imevutwa yote: shata itashuka hadi 1/25 ya sekunde. Bibi harusi akiinamisha kichwa asalimiwe na shangazi yake, uso umekwenda. Kwa nuru ile ile na ISO ile ile, f/2.8 inampa 1/100. Mtu anayegeuka polepole anatulia kwenye picha, na kuna faida ya ziada: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo shata ya 1/100 hupunguza ile michirizi ya giza inayokata picha katikati.

Au afanye kinyume chake. Bibi harusi ameketi, ametulia, mikono iko juu ya paja, mpiga picha ameegemeza kiwiko na lenzi yake ina kituliza mtikisiko. Hapo anaweza kubaki na 1/25 na kushusha ISO kutoka 6400 hadi 1600. Tazama tofauti kwenye mikono. Kwenye ISO 6400 ya kamera hizi ndogo, ncha nyembamba za piko hukatika na kuchanganyika na chengachenga za ngozi, na hina iliyotiwa pembezoni hupoteza wekundu wake. Kwenye 1600 kila ua na kila jani linasomeka. Mchoro ule umechukua saa nyingi za fundi wa hina. Ni haki yake uonekane.

Flashi ipo, na kila mpiga picha wa harusi awe nayo. Lakini flashi nzuri ni ile inayogeuzwa juu ikarudi kutoka kwenye dari jeupe la karibu. Kwenye sebule ya Mishomoroni au Chaani dari hilo lipo. Chini ya makuti halipo: makuti yanameza nuru, na kidogo kinachorudi kinakuja na rangi ya udongo. Kwenye tenti iliyofungwa uwanjani hali huwa hivyo hivyo, hasa kitambaa kikiwa cha rangi. Flashi ikielekezwa usoni moja kwa moja, mapambo yote ya jukwaa yaliyolipiwa pesa nyingi yanageuka kiza nyuma ya uso unaong'aa. Ukiwa na f/2.8 flashi inabaki msaidizi tu, na taa za ukumbi zinaonekana kama zilivyokuwa.

Zamani haja hii haikuwapo kwa kiasi hiki. Katika karne iliyopita watu wa Mombasa walimwendea mpiga picha N. V. Parekh studioni kwake, akawapanga mbele ya taa zake mwenyewe. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, ambao mwanaanthropolojia wa Kijerumani Heike Behrend aliandika kuwahusu kwa kirefu, walijenga vibanda vyenye mandhari za kuchora na kubandika, na mteja alisimama mbele yake. Katika hali zote mbili mteja ndiye aliyekwenda kwenye nuru ya mpiga picha. Leo mpiga picha ndiye anayeingia nyumbani kwa mteja, na nuru anayoikuta huko hakuichagua.

Sasa kuhusu urefu. Wengi wameona wapiga picha wakubwa wakitumia 24-70, wakadhani ndiyo lenzi ya harusi. Ni kweli kwa kamera yenye sensa kubwa, kama Canon 6D au Nikon D750. Kwenye kamera zenye sensa ndogo picha inakatwa pembeni: kwa Canon zidisha urefu kwa 1.6, kwa Nikon 1.5. Milimita 24 inageuka kama 38, na 28 ya ile Tamron 28-75 ya bei rahisi inageuka kama 45. Nenda nayo kwenye nikahi nyumbani Mtongwe, mgongo wako umegusa ukuta, na bado kadhi, walii, bwana harusi na mashahidi hawaenei. Milimita 17 ni kama 27 kwenye Canon, inawaeneza wote. 50 ni kama 80, inatosha kwa uso. Ndiyo maana ninasisitiza 17-50.

Katika hizo 17-50, ya kwanza kuiangalia ni Tamron ya 2006 isiyo na kituliza mtikisiko, inayojulikana kwa namba A16. Ina gramu 430 hivi, haichoshi mkono hadi saa nane za usiku, na kwenye f/2.8 katikati ya picha ni kali kuliko bei yake inavyodai. Mota yake ina kelele, na pete ya fokasi huzunguka yenyewe, kwa hiyo usiishike wakati kamera inatafuta fokasi. Mwaka 2009 Tamron walitoa nyingine yenye kituliza mtikisiko, B005, nzito zaidi kwa gramu zaidi ya 100, nayo wengi walioilinganisha na ile ya kwanza waliiona laini kidogo. Sigma 17-50 ya 2010 ina kituliza pia, mota yake ni tulivu na ya haraka, na ina gramu 565. Kijana anayepiga picha za mnato tu nitampa Tamron ya kwanza bila kusita, kwa sababu kituliza hutuliza mkono wako, hakimtulizi mtu anayecheza chakacha. Anayepiga na video, na siku hizi karibu kila mwenye harusi anataka video, anunue Sigma.

Canon 17-55 f/2.8 ya mwaka 2006 ni bora kuliko zote hizo kwa fokasi, ila hata ya mtumba huwa ghali zaidi, na ina sifa mbaya ya kuvuta vumbi ndani. Nikon 17-55 ya 2003 imejengwa kama nyundo lakini ina gramu 755 na haina kituliza. Sigma 18-35 ya 2013 inafika f/1.8, jambo ambalo zumu ya kamera za kioo (DSLR) haikuwahi kufanya kabla yake. Lakini inakoma kwenye 35, na usiku wa kupamba utaishia kusogea hadi uwazibie wageni.

Wenye Nikon wasikilize hapa. Kamera za D3000 na D5000 na ndugu zake zote hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Tamron A16 za mwanzo za Nikon nazo hazina mota. Za baadaye zinayo. Ukizikutanisha hizi mbili zisizo na mota, utazungusha fokasi kwa mkono gizani. Njia rahisi ya kujua ni kuangalia nyuma ya lenzi, mahali inapofungwa kwenye kamera: ukiona kijiti kidogo cha chuma chenye mfuo kama kichwa cha skrubu, hiyo inategemea mota ya kamera. Iache.

Kwa kuwa dunia imehamia kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), lenzi za DSLR zimejaa sokoni, na bei zimeshuka. Ukinunua kwa mtu, usitume M-Pesa kwa ahadi ya kwamba lenzi inakuja na basi kutoka Nairobi. Nenda na kamera yako na tochi ya simu. Fungua lenzi, imulike kutoka nyuma huku ukiitazama kwa mbele, ukiigeuza taratibu. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzi kama za buibui zinazotambaa kutoka ukingoni, hiyo ni kuvu. Ukiona utando mweupe kama pumzi juu ya kioo na haufutiki, uko ndani. Zote mbili sababu ya kuondoka, kwa sababu kuvu ikikaa hula ile rangi nyembamba iliyopakwa kwenye kioo na kuisafisha hakurudishi kitu. Kisha tafuta ukuta wa matofali au gazeti lililobandikwa, simama sawasawa nalo, piga picha kwenye f/2.8 kwa 17 na kwa 50. Upande mmoja ukiwa laini kuliko wa pili, lenzi iliwahi kuanguka. Mwishowe piga uso wa mtu aliye mita mbili mbele yako, lenga jicho, kuza picha kwenye skrini. Fokasi ikiangukia sikio kila mara, muuzaji akuuzie nyingine.

Kuvu ninaitaja kwa mkazo kwa sababu ya tunapoishi. Huota vizuri unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, na hewa ya Mombasa hukaa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka. Lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati tangu harusi ya mwisho inajifugia kuvu yenyewe. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya silika jeli vinavyobadilisha rangi, na rangi ikibadilika vikaushe kwenye moto mdogo. Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa zipu kwa nusu saa, la sivyo kioo kitatoa jasho. Na ukivuka Likoni kwa feri upepo ukiwa mkali, begi lisifunguliwe: Tamron hizi, Sigma na hiyo Canon 17-55 hazina mpira wa kuzuia maji ya chumvi.

Wapo wasiohitaji kununua kitu. Anayepiga picha za watalii wa ndani mchana ufukweni Pirates, Bamburi, jua lile linamruhusu kufunga tundu hadi f/8 au zaidi, na hapo 18-55 yake haitofautiani sana na lenzi ya bei mara tano. Mwenye studio ya picha za pasipoti Magongo, na taa zake mbili, vivyo hivyo. Na aliye na haja lakini mfuko haujafika anunue kwanza 50mm f/1.8, ile ya Canon ya 2015 yenye gramu 160 au mwenzake wa Nikon wa aina ya G. Si zumu na haitawaeneza watu sebuleni, lakini inapokea nuru zaidi ya mara mbili ya f/2.8, na nyuso za jukwaani itazipata. Kundi alipige kwa lenzi ya sandukuni na flashi mpaka pesa zitimie.

Jambo la mwisho ni la anayewaza mbele. Ukija kuhamia Canon isiyo na kioo, adapta yake hupokea lenzi za DSLR na fokasi inafanya kazi. Kwa Nikon, adapta inaendesha fokasi ya lenzi zenye mota zake zenyewe tu. Hizi 17-50 zimetengenezwa kwa sensa ndogo, kwa hiyo kwenye kamera ya sensa kubwa picha itakatwa au kingo zitakuwa nyeusi. Kama mpango wako ni sensa kubwa ndani ya mwaka mmoja, subiri na ununue 24-70 mara moja. Kama mpango ni kumaliza msimu huu wa harusi kwa 700D yako, usisubiri.