Ethiopia: Jirani ambaye Wakenya humpita tu

WAKENYA wengi wameiona Ethiopia kupitia madirisha ya uwanja wa ndege wa Bole, jijini Addis Ababa, wakisubiri ndege ya kuwapeleka Ulaya, Uarabuni au Uchina. Wachache hutoka nje ya uwanja huo, ingawa raia wa Kenya hahitaji viza ili kuzuru nchi hiyo, na safari ya ndege kutoka Nairobi huchukua takribani saa mbili tu.

Hiyo ni hasara, kwani ni vigumu kupata nchi nyingine katika eneo hili iliyozishikilia desturi zake kwa ukaidi kiasi hicho. Italia ilishindwa katika vita vya Adwa mnamo 1896. Hata ilipoivamia nchi hiyo tena na kuikalia kuanzia 1936, ilifurushwa miaka mitano baadaye. Mgeni huyaona matokeo yake katika mambo ya kila siku: herufi za vibao vya maduka, tarehe na saa.

Mwaka wa Ethiopia una miezi 13. Miezi 12 ina siku 30 kila mmoja, na wa mwisho una siku tano, au sita kila mwaka wa nne. Mwaka mpya huanza Septemba, masika yao yanapomalizika na maua ya manjano kutanda nyanda za juu. Kwa kuwa hesabu yao iko nyuma kwa miaka saba au minane, walisherehekea kuingia mwaka wa 2000 mnamo Septemba 2007.

Saa, hata hivyo, haitamtatiza mzungumzaji wa Kiswahili. Wenyeji huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, vivyo hivyo kama Waswahili. Mzungu akiambiwa basi litaondoka saa mbili asubuhi hubabaika. Mkenya atafika kituoni kwa wakati. Tahadhari ni moja: tiketi ya ndege hufuata hesabu ya kimataifa.

Sura ya nchi yenyewe imechangia kuulinda utamaduni huo. Nyanda za juu zimekatwa na mabonde yenye kina kirefu, hivi kwamba jeshi la kigeni halikuweza kupenya kwa urahisi. Katika milima ya Simien, kilele cha Ras Dashen hupita mita 4,500, na makundi ya gelada, nyani wenye doa jekundu kifuani, hula majani kwenye ukingo wa magenge. Kaskazini mashariki, bonde la Danakil huteremka zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Huko, katika joto lisilo na kifani, Waafar wamekata mabamba ya chumvi na kuyapakia ngamia kwa karne nyingi.

Lakini kivutio kikuu ni Lalibela. Makanisa 11 ya mji huo hayakujengwa kwa kupanga mawe, bali yalichongwa ndani ya mwamba, kazi inayohusishwa na Mfalme Lalibela aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Paa la Kanisa la Mtakatifu George, lenye umbo la msalaba, liko sawa na ardhi inayolizunguka. Msafiri halioni mpaka afike ukingoni mwa shimo. Wala haya si magofu. Ibada huendelea humo, na Krismasi yao, Januari 7, huvuta umati wa mahujaji waliojitanda shuka nyeupe.

Lipo jambo ambalo vijitabu vya watalii hulifumbia macho. Vita vya Tigray vilivyozuka Novemba 2020 vilisitishwa kwa mkataba wa Novemba 2022, lakini mwaka uliofuata mapigano yakazuka kati ya jeshi na wanamgambo wa Fano katika jimbo la Amhara, ambako ndiko kuliko Lalibela na Simien. Sehemu kadhaa za Oromia nazo zimekumbwa na machafuko. Waongozaji watalii na wenye hoteli ndogo walipoteza riziki. Anayekusudia kwenda huko sharti aulizie hali ya usalama kwanza, na asisafiri kwa barabara kwa kubahatisha.

Upande wa mashariki uko Harar, mji wa Kiislamu uliozungushiwa ukuta, ambao Unesco iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mnamo 2006. Aliyezoea vichochoro vya Lamu hatajihisi mgeni, isipokuwa usiku, wenyeji wanapowalisha fisi nyama kwa mikono.

Mgeni akialikwa kahawa, asiwe na haraka. Buni hukaangwa mbele yake, hutwangwa, kisha huchemshwa katika jebena, mtungi wa udongo wenye shingo nyembamba. Huandaliwa mikupuo mitatu, na kuondoka baada ya wa kwanza ni utovu wa adabu. Vilevile asishangae akikosa nyama mkahawani Jumatano na Ijumaa, kwani waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga siku hizo. Ataletewa injera, mkate mpana wenye uchachu, pamoja na dengu na mboga.

Kwa asiyemudu nauli ya ndege, lami imefika Moyale. Ng'ambo ya mpaka, njia ya kuelekea magharibi humfikisha kwa Wakonso, wakulima mashuhuri kwa matuta ya mawe, na mbele zaidi kwenye bonde la mto Omo, unaolipa Ziwa Turkana sehemu kubwa ya maji yake. Waborana wanaishi pande zote mbili za mpaka. Mkenya anayejua lugha yao hatahitaji mkalimani hadi atakapokuwa mbali ndani ya Ethiopia.