Mazoezi ya Wazee Yasiishie Kwenye Agizo

MWEZI Desemba 2016, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wananchi. Lilikuwa agizo jema. Lakini agizo humtoa mtu nyumbani mara moja au mbili. Swali letu leo ni la mzee wa miaka 65: ni kitu gani kitakachomtoa nyumbani mara ya hamsini?

Wengi huanza kwa hofu. Daktari akisema presha imepanda au sukari imezidi, kesho yake mzee hununua raba. Dalili zikishatulia, raba hurudi uvunguni.

Kwa maoni yetu, anayedumu ni yule anayesubiriwa. Mzee ajuaye kwamba wenzake wawili wamekwisha simama barabarani pale Soweto saa kumi na mbili alfajiri, katika baridi ya Juni, huona haya kubaki kitandani. Watazameni wazee waendao msikitini kwa miguu kila alfajiri, mwaka hadi mwaka. Hakuna aliyepata kuwaita wanamichezo, na hata mvua haiwazuii.

Hatumsemi mkulima. Bibi wa Rungwe apandaye mteremko na jembe begani hahitaji kuhimizwa mazoezi. Pengine anahitaji kupumzika. Tunamsema mstaafu wa mjini, aliyekalia kiti cha ofisi miaka thelathini na sasa anakalia kiti cha barazani.

Huyu vikundi vya mbio vya mijini havimfai sana. Mwendo ni wa vijana, fulana ina mchango wake, na miinuko ya Mbeya haina huruma kwa magoti. Akiachwa nyuma mara moja mbele ya watu, harudi tena. Na akina mama waleao wajukuu, alfajiri hiyo wataipata wapi?

Wala hakuna haja ya kukimbia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku tatu wafanye yale ya kuimarisha nguvu na kusimama imara, wasije wakaanguka. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano, kunatosha kufikia dakika hizo 150.

Mwalimu Nyerere alipotembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967, kuliunga mkono Azimio la Arusha, hakwenda peke yake. Basi tunawaomba viongozi wa matawi na mabalozi wa mashina waunde vikundi vya kutembea, vyenye saa maalumu na njia tambarare, bila fulana wala kiingilio. Kuwe na saa ya jioni kwa akina mama. Na yule mwenye mwendo wa polepole kuliko wote ndiye atangulie mbele.