Msongo wa Kazi kwa Askari Polisi Wakati wa Janga

Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na mwezi huo huo mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Zanzibar. Raia walihimizwa kukaa mbalimbali. Askari polisi hakuweza. Kumkamata mtuhumiwa, kumpekua abiria na kulinda mahabusu ni kazi za kumkaribia mtu. Nchini Kenya, ambako amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020, polisi walibebeshwa pia jukumu la kuisimamia, nao uhusiano wao na wananchi ukaingia doa.

Mwili hukabili hatari kwa kutoa homoni za adrenalini na kotizoli: moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, usingizi hupaa. Hatari ikipita, mwili hutulia. Wakati wa janga hatari haiishi zamu inapokwisha, kwani askari huhofia kuwapelekea maradhi walio nyumbani. Hali hiyo ikidumu, huweza kuchangia maradhi ya moyo, hasira za ghafla na sonona.

Mwaka 2019 Shirika hilo liliueleza uchovu wa kazini kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi, na kupungua ufanisi. Halikuuita ugonjwa, bali matokeo ya msongo wa kazini usiodhibitiwa. Kwa hiyo dawa yake haimhusu askari peke yake: mpangilio wa zamu, siku za mapumziko na vifaa vya kinga vimo mikononi mwa mkuu wake.

Wahudumu wa afya, wakiwemo wanaofunzwa Mbweni katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wakumbuke kwamba askari huenda asiseme ana huzuni. Hulalamikia kichwa, mgongo au tumbo. Aulizwe faraghani kuhusu usingizi, pombe na fikra za kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu fikra hizo. Akikiri, asiachwe peke yake, silaha iwekwe mbali naye, na apelekwe bila kuchelewa kwa wataalamu wa afya ya akili, kama walioko hospitali ya Kidongo Chekundu.

Askari naye, akiona huzuni au kukosa usingizi kumezidi wiki mbili, aende kituo cha afya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.