Mashine ya kusikiliza mbu ioneshe ushahidi

Ule mlio unaokukera sikioni ukishazima taa hautoki mdomoni mwa mbu. Ni mabawa yake, yanayopiga mara mia kadhaa kwa sekunde moja. Kila aina ya mbu ina mlio wake, na dume, ambaye haumi, mlio wake ni mwembamba kuliko wa jike.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara, waliitumia tofauti hiyo katika mradi uitwao HumBug. Simu huwekwa katika mfuko ulioshonwa kwenye chandarua, hurekodi usiku, kisha kompyuta iliyofundishwa kwa mifano huutafuta mlio wa mbu na kutaja aina yake. Mwaka 2021 walitoa hazina ya takriban saa 20 za sauti za mbu, zikiwemo za aina 36.

Sauti hiyo ni kama chati ya homa: vipimo vingi vinavyofuatana kwa wakati. Mimi tabibu nikisema homa imepanda na kushuka, sharti nioneshe kwenye chati ni saa ngapi. Kompyuta nayo ioneshe ni sekunde ipi, na mlio upi, uliofanya iseme huyu ni Anofelesi. Kama mbu wote wa malaria walirekodiwa katika chumba chenye feni, inaweza kuwa imejifunza feni, si mbu! Itapata majibu sahihi chumba kile, na kukosea nyumba nyingine.

Kosa hilo lina gharama. Anofelesi huzaliana zaidi kwenye madimbwi yanayopigwa jua; Kulex, anayeeneza matende na mabusha, hupenda makaro na vyoo vya shimo. Kibaha kilizinduliwa kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi mwaka 2015. Lakini dawa ikimwagwa chooni Kisarawe ilhali Anofelesi yuko dimbwini, watoto wataendelea kuugua malaria.

Fani yetu ya tiba imeshapita njia hiyo. Zamani karibu kila homa iliitwa malaria, hadi mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliposisitiza kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Basi mashine nayo tuidai ushahidi. Wakati huo huo tufukie madimbwi, tufunike makaro, tulale ndani ya chandarua, na mwenye homa awahi kupimwa.